Mchungaji anayetunga mashairi hajaiacha kazi yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nijibu hoja ya msomaji mwenzangu wa hapa Dodoma ambaye barua yake uliichapa hivi karibuni. Msomaji huyo analalamika kwamba mchungaji wa usharika wake hutumia saa nyingi kutunga tenzi, kuzitia Zaburi katika mizani na kurekebisha maneno ya nyimbo za kwaya. Anahitimisha kwamba mtu aliyewekewa mikono ili achunge kondoo hana ruhusa ya kukaa mezani akihesabu silabi wakati wagonjwa wanasubiri kuombewa. Simfahamu mchungaji anayesemwa, na kama kweli yupo mgonjwa aliyeachwa bila kutembelewa, hilo ni la wazee wa kanisa kulishughulikia kwa utaratibu wao. Ninachokipinga ni kanuni iliyojengwa juu ya lalamiko hilo, yaani kwamba ushairi na uchungaji ni kazi mbili zinazomgombania mtu mmoja, na kwamba kila saa inayopewa ya kwanza imeibwa kutoka kwa ya pili. Historia ya Kanisa inao mashahidi wengi wanaoikana kanuni hiyo. Mimi nitamleta mmoja tu, Mholanzi aliyefariki zaidi ya miaka 360 iliyopita, kwa sababu maisha yake yanagusa karibu kila jambo ambalo msomaji mwenzangu amelilalamikia.

Shahidi huyo ni Jacobus Revius. Alizaliwa Novemba 1586 katika mji wa Deventer, uliojengwa ukingoni mwa mto IJssel mashariki mwa Uholanzi, na baba yake alikuwa mmoja wa mameya wa mji huo. Nchi ilikuwa vitani ikijinasua kutoka utawala wa mfalme wa Hispania. Mtoto hakuwa ametimiza hata miezi mitatu pale kamanda wa Kiingereza, aliyekuwa amepewa jukumu la kuulinda mji, alipoukabidhi kwa adui. Familia yake, iliyokuwa ya Waprotestanti, ikakimbilia Amsterdam, na huko ndiko alikokulia. Alisomea theolojia katika vyuo vikuu vya Leiden na Franeker, kisha kati ya mwaka 1610 na 1612 akasafiri Ufaransa kuendelea na masomo, na ushairi wa Kifaransa ukamwingia kiasi kwamba baadaye aliyageuza baadhi ya mashairi ya Ronsard kuwa ya Kiholanzi. Aliporudi nyumbani alihudumu kwa muda mfupi katika sharika za vijijini karibu na mpaka wa Ujerumani. Mwaka 1614 aliitwa Deventer, mji wake wa kuzaliwa, ambao Waholanzi walikuwa wameurejesha mikononi mwao tangu mwaka 1591, akawa mchungaji hapo kwa miaka 27.

Naomba msomaji mwenzangu aitazame vizuri hiyo miaka 27. Katika muda huo Revius alihubiri, alifundisha katekisimu, na alishiriki katika juhudi zilizoupa mji wa Deventer chuo chake cha elimu ya juu, kilichofunguliwa mwaka 1630. Alilitafsiri kwa Kigiriki ungamo la imani la makanisa ya Uholanzi. Mwaka 1621 alikitoa kitabu cha Wimbo Ulio Bora kikiwa katika umbo la nyimbo, na mwaka 1630 akachapisha diwani yake kubwa aliyoipa jina la mkoa wake wa Overijssel. Mchungaji asiyejali kundi lake haachi alama za namna hiyo katika mji mdogo, wala baraza la mji haliendelei kumshirikisha katika mambo ya elimu ya watoto wake. Mtu yuleyule aliyepanda mimbarini siku ya Jumapili ndiye aliyekaa na kalamu siku nyingine, na kilichokuwa kwenye karatasi kilikuwa kilekile kilichokuwa mimbarini.

Hilo linaonekana hata katika mpangilio wa diwani yenyewe. Sehemu yake ya kwanza inafuata Biblia kwa utaratibu: inaanza na uumbaji, inapita kwa mababa na manabii, inafika kwenye kuzaliwa kwa Kristo, mateso yake na kufufuka kwake. Mashairi ya harusi, ya vita na ya mambo ya mji yamewekwa kando, katika sehemu ya pili. Mtu anayekisoma kitabu hicho kwa mfuatano anapata mafundisho ya mwaka mzima wa kanisa, isipokuwa yamefungwa katika vipande vidogo ambavyo kichwa cha mtu wa kawaida kinaweza kuvibeba. Sisi tuliofundisha shule za msingi tunajua jinsi jambo linavyokaa kwa mtoto likiwa na vina, na jinsi linavyomponyoka likiwa hotuba.

Umbo alilolipenda kwa mashairi yake mafupi ni soneti, shairi la mistari 14. Mstari wake una mizani 12 au 13, na baada ya mizani ya sita kuna kituo kidogo, kama vile shairi letu la mizani 16 linavyokatika katikati kwenye mizani ya nane. Kwa hiyo malenga yeyote wa Kiswahili akielezwa jinsi Revius alivyofanya kazi atamwelewa mara moja: ni mtu aliyejifungia katika nafasi finyu kwa hiari yake, akaitafuta namna ya kusema jambo kubwa bila kuivunja kuta zake.

Nitatoa mfano mmoja kwa ukaribu. Katika soneti yake kuhusu uumbaji, Revius anasema kwamba Mungu aliutandika ulimwengu nyuzi, akaufanya kuwa kinanda. Mbingu ni mgongo wake uliopindwa. Jua na mwezi ni lile ua lililochongwa kwenye tundu la sauti. Nyuzi mbili nene, zinazonguruma bila kukoma, ni nchi na bahari, uzi mwembamba unaolifurahisha sikio ni hewa, na nyuzi zilizobaki, zinazoitimiza kwaya, ni miti na wanyama wa kila aina. Bwana akakipiga kinanda hicho kwa vidole vyake vyenye ujuzi, malaika wakaitikia, milima ikasikiliza na mito ikasimama. Kisha, katika mistari mitatu ya mwisho, shairi linageuka ghafla: binadamu peke yake hasikii waimbaji wala nyuzi, ila yule ambaye Bwana mwenyewe amependa kumfunulia. Nimejaribu kuliweka wazo hilo katika beti tatu za utenzi, na badala ya kinanda chake nimeweka chombo ambacho kila Mgogo anakijua:

Ulimwengu kaupanga
Nyuzi juu kazifunga
Mbingu na nchi kaunga
Kama zeze la Muumba

Bahari ikanguruma
Na nchi nayo kuvuma
Milima ikasimama
Kusikiza zikiimba

Ila mja hasikii
Masikio hategei
Na nyuzi hazitambui
Asofunzwa na Muumba

Beti hizi hazifikii uzito wa asili, lakini zinatosha kumwonyesha msomaji mwenzangu kile ninachokidai. Mafundisho magumu kuhusu neema, ambayo wanatheolojia wa wakati ule walibishana juu yake hadi kufukuzana katika sharika, Revius ameyaweka ndani ya mistari 14 ambayo mshona viatu wa Deventer angeweza kuisoma akiwa kazini. Kama huko si kuchunga, basi itabidi tuelezwe kuchunga ni nini.

Soneti yake inayojulikana zaidi inahusu mateso ya Yesu, na kichwa chake kimetoka katika Isaya 53, pale nabii anaposema kwamba ameyachukua masikitiko yetu. Revius anaanza kwa kukataa: si Wayahudi waliokusulubisha, Bwana Yesu, wala si waliokusaliti na kukupeleka barazani. Anaendelea kuwaondolea lawama wale waliokutemea mate, waliokufunga na kukupiga, na askari walioinua nyundo na kuusimika msalaba. Halafu anajielekezea kidole mwenyewe: ni mimi, Bwana, niliyekutenda haya, mimi ndiye mti mzito uliokulemea, mimi ni kamba, msumari, mkuki, mjeledi, na taji lililotapakaa damu kichwani mwako. Katika Ulaya ambako kwa karne nyingi Wakristo walikuwa wakiwatesa Wayahudi kwa kisingizio cha msalaba, mchungaji wa mji wa pembezoni aliliondoa jiwe hilo mikononi mwa waumini wake na kuwaambia kila mmoja ajitazame. Ninaliheshimu shairi hilo kuliko lolote lingine aliloliandika. Kwa kuwa limeandikwa kwa nafsi ya kwanza, anayelisoma kwa sauti analazimika kuungama kwa kinywa chake mwenyewe, jambo ambalo hotuba ya mtu mwingine haiwezi kumfanyia.

Msomaji mwenzangu anaweza kusema kwamba mashairi ni ya watu wachache, wakati Biblia ni ya wote. Hapo napo Revius anamjibu. Sinodi ya Dordrecht, iliyokutana mwaka 1618 na 1619, iliagiza Biblia itafsiriwe upya moja kwa moja kutoka Kiebrania na Kigiriki. Watafsiri walipomaliza rasimu yao, mikoa ilituma wataalamu wa kuipitia, na mkoa wa Overijssel ukamtuma Revius. Aliwekwa katika kundi la Agano la Kale, akawa pia mwandishi wa kundi hilo, na kazi ya kulipitia ilifanyika Leiden katika mwaka 1633 na 1634. Biblia yenyewe ilichapwa mwaka 1637, ikawa ndiyo iliyosomwa katika nyumba na makanisa ya Waholanzi kwa vizazi na vizazi, na hata leo wapo wasiotaka nyingine. Kwa ajili ya kazi hiyo Revius alilazimika kuwa mbali na Deventer, na nadhani wapo waliolalamika wakati huo kama msomaji mwenzangu anavyolalamika sasa. Lakini sikio lililozoezwa na mashairi kwa miaka mingi, sikio linalojua ni wapi sentensi inakwama na ni wapi inatiririka, ndilo lililohitajika kwenye meza ile. Mashairi ya Deventer yalikuwa sehemu ya maandalizi yake.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu, nalo ni nyimbo. Waprotestanti wa Uholanzi walikuwa wakiimba Zaburi kwa tafsiri ya Petrus Dathenus, iliyotoka mwaka 1566. Dathenus alizichukua Zaburi za Kifaransa zilizoimbwa Geneva, akazigeuza haraka kuwa za Kiholanzi kwa sauti zilezile, kwa sababu waumini walikuwa wanateswa na walihitaji kitu cha kuimba. Nia yake ilikuwa njema na kazi yake iliwafaa watu katika siku ngumu. Hata hivyo, Kifaransa na Kiholanzi haviweki mkazo kwa namna moja. Dathenus alihesabu silabi zikatimia, lakini hakuangalia mkazo wa neno unaangukia wapi, na matokeo yake waumini wakajikuta wakikazia silabi ambazo hakuna Mholanzi anayezikazia akizungumza, na kuzimeza zile zenye uzito. Kila mwenye sikio alilijua tatizo hilo. Mwaka 1580 Marnix, mwanasiasa na mwandishi hodari, alitoa tafsiri iliyo bora zaidi, lakini makanisa hayakuipokea, kwa kuwa watu walikuwa wamekwisha kuzizoea zile za zamani.

Revius alipoishika kazi hiyo alikuwa na hekima ya mchungaji. Hakuleta kitabu kipya kabisa. Alizichukua Zaburi za Dathenus zilezile ambazo waumini walizijua kwa moyo, akarekebisha pale palipolegea, na kichwa cha chapisho lake la mwaka 1640 kinasema wazi kwamba Zaburi ni za Dathenus na kwamba zimesahihishwa. Alitaka bibi aliyezoea kuimba bila kitabu asipotee njiani. Pamoja na uangalifu wote huo, makanisa hayakumfuata. Zaburi mpya zilikuja kukubaliwa rasmi mwaka 1773, yaani miaka 133 baada ya jaribio lake. Na katika karne iliyopita, Waholanzi walipozitunga Zaburi upya kwa mara nyingine, zikaingia katika kitabu cha nyimbo cha mwaka 1973, miongoni mwa waliofanya kazi hiyo alikuwemo Jan Wit, mchungaji kipofu wa Nijmegen, mshairi na mtafsiri. Kwa hiyo kazi ambayo msomaji mwenzangu anaiita kupoteza muda, wachungaji wa Uholanzi wamekuwa wakiifanya na kuirudia kwa karne tatu na zaidi.

Mhariri, hali ya nyimbo zetu si tofauti na hiyo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mtoto wa miaka mitatu analijua hilo bila kufundishwa. Tukisema Mwokozi tunakazia "ko", tukisema upendo tunakazia "pe". Lakini sauti nyingi tunazoziimba zilitungwa kwa ajili ya Kiingereza au Kijerumani, na waliozitafsiri, mara nyingi wageni waliojitahidi sana katika lugha wasiyozaliwa nayo, walifanya kama Dathenus: walihesabu silabi. Ndiyo maana siku ya Jumapili tunasikia kwaya nzuri, yenye sauti za kuvutia, ikilazimika kupiga kishindo kwenye "Mwo" na kuivuta "zi" mpaka neno linakuwa geni masikioni mwa mwenye lugha. Wanakwaya wanaona ni kawaida kwa sababu wamekua nalo. Lakini waandae wimbo wa Kigogo, ambao sauti yake na maneno yake vimezaliwa siku moja, wauimbe kwa zeze na marimba huku akina mama wakipiga ngoma za muheme, na utaona kanisa zima linainuka. Si kwamba watu wanaupenda utamaduni kuliko ibada. Wanainuka kwa sababu maneno yamewafikia bila kuvunjika.

Mchungaji anayekaa mezani akihesabu silabi na kuziangalia zenye mkazo anaondoa kizuizi kati ya muumini na sala yake. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtu asiyejua theolojia, kwa kuwa akibadilisha neno kwa ajili ya kina anaweza kuharibu fundisho, wala haiwezi kufanywa na mwanatheolojia asiyejua ushairi. Inamhitaji mtu aliye na vyote viwili. Usharika wenye mtu wa namna hiyo una bahati, na ningependa uliokosa ndio uandike barua ya malalamiko gazetini.

Nisingependa mtu adhani ninamfanya Revius kuwa malaika. Alikuwa mtu mkali. Katika mgogoro wa Warimonstranti, ambao walifundisha kuhusu neema na hiari ya binadamu kwa namna iliyotofautiana na sinodi, alikuwa upande wa waliokaza, na upande huo uliposhinda wachungaji wengi wa upande wa pili walifukuzwa katika sharika zao. Mwanzoni mwa miaka ya 1640 aliondoka Deventer kwenda kukisimamia chuo cha Leiden kilichowalea wanafunzi wa theolojia waliofadhiliwa na serikali, na huko akaingia katika ugomvi mkubwa na wafuasi wa Descartes, hata mwaka 1647 wasimamizi wa chuo kikuu wakawakataza walimu wa pande zote kulitaja jina la mwanafalsafa huyo. Nikiusoma wasifu wake naona kwamba miaka ya Leiden, ambayo mabishano yaliijaza, haikutupa soneti nyingine ya kuilinganisha na zile za Deventer. Maoni yangu ni kwamba ugomvi ndio uliomwibia muda, na si ushairi. Mchungaji anayemaliza wiki nzima katika vikao vya mivutano hashtakiwi na mtu yeyote gazetini, ilhali yule anayemaliza jioni moja na utenzi anashtakiwa.

Alifariki Leiden mwaka 1658, na kwa muda mrefu mashairi yake hayakuwa na wasomaji. Mwaka 1863 msomi mmoja, van Vloten, alichapa uteuzi wa mashairi hayo, na mwaka 1928 W. A. P. Smit akaandika juu yake tasnifu iliyomrudisha katika nafasi yake. Leo Waholanzi wanamhesabu miongoni mwa washairi wao wakubwa wa karne ya 17. Hubiri alilolihubiri katika Jumapili fulani ya mwaka 1625 halipo tena, na soneti ya mateso bado inasomwa wakati wa Kwaresima.

Na kwa nini tuishie Uholanzi? Daladala ziendazo Mji wa Serikali pale Mtumba hupita Ihumwa kila siku, zimejaa watumishi wa umma, na sidhani kama wengi wao wanajua kwamba Ihumwa ndiko alikozaliwa Mathias Mnyampala mwaka 1917. Mnyampala hakuwa mchungaji. Alikuwa Mgogo, Mkatoliki, na kwa kazi alikuwa hakimu. Mwaka 1954 ilichapwa historia yake ya Wagogo, mila na desturi zao. Mwaka 1963 alitoa Utenzi wa Enjili Takatifu na mwaka 1965 Utenzi wa Zaburi, na ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa ngonjera, ambazo kila aliyesoma shule ya msingi katika nchi hii amewahi kuzighani mbele ya wageni. Alifariki mwaka 1969, akiwa na umri wa miaka hamsini na kitu tu.

Fikiria basi jambo hili: Mprotestanti wa Deventer na Mkatoliki wa Ihumwa, wametenganishwa na karne tatu, na mmoja asingeingia kanisani kwa mwenzake, lakini wote wawili walizishika Zaburi zilezile na kuzitia katika mizani ya lugha ya watu wao. Mnyampala alifanya hivyo katika lugha ambayo hakuipata kwa mama yake, kwani alizaliwa katika Kigogo, akaijua mpaka malenga wa pwani wakamkubali. Hakuna aliyesema kwamba hakimu huyo aliacha kesi zilale kwa sababu ya tenzi. Wala hakuna aliyemwambia Mwalimu Nyerere, alipoitafsiri tamthiliya ya Shakespeare mwaka 1963 na nyingine mwaka 1969, kwamba ameitelekeza Ikulu, na baadaye, mwaka 1996, zikachapwa tenzi zake za Injili. Iweje rais aruhusiwe, hakimu aruhusiwe, halafu mchungaji, ambaye kitabu chake cha kazi kina Zaburi 150 ndani yake, azuiwe?

Huzuni yangu ni kwamba vitabu vya Mnyampala sivioni katika maduka ya vitabu ya hapa mjini, na vijana ninaozungumza nao wanalijua jina lake kutokana na mtihani, bila kuwahi kushika utenzi wake hata mmoja. Mji huu sasa una Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha St. John's, una maktaba ya mkoa, una ofisi za makanisa karibu yote. Taasisi hizi zikikaa pamoja zinaweza kuufanya Utenzi wa Zaburi upatikane tena kwa bei ambayo mwanakwaya wa Mvumi au Bahi anaimudu. Van Vloten alimrudisha Revius baada ya karne mbili. Mnyampala tumtendee haki mapema zaidi, wakati wapo bado wazee wanaomkumbuka akighani.

Kwa gazeti lako, Mhariri, ombi langu ni kwamba ukurasa wa mashairi uwe na nafasi ya tenzi za dini, za Wakristo na za Waislamu pia, kwa kuwa sanaa hii tumeipokea kutoka kwa masheikh na malenga wa mwambao kabla ya misheni yoyote kufika bara, na zihakikiwe kwa vina na mizani kama mashairi mengine yanavyohakikiwa. Kwa sharika, nashauri kwamba wimbo uliorekebishwa uchapwe kando ya ule wa zamani kwenye karatasi moja, na yote miwili iachwe itumike mpaka watu wenyewe waamue. Waholanzi walikosa subira ya namna hiyo katika siku za Revius, na kazi nzuri ikakaa kabatini kwa zaidi ya miaka mia moja.

Na mchungaji anayelalamikiwa, kama anasoma gazeti hili, namshauri asizibadilishe sauti ambazo watu wamezizoea, arekebishe maneno tu pale mkazo unapovunjika, na kabla ya kuipa kwaya awasomee kwanza akina mama wazee wa ushirika wa Jumatano, kwa maana hao wanasikia upesi neno lililokaa vibaya. Gazeti likikubali kuzichapa Zaburi zake, mimi nitazipitia mstari kwa mstari, na pale mizani itakapopungua nitamwandikia.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa Kiswahili,
Dodoma